Kuvu ya Mchele na Dawa ya Mishipa ya Damu

Ndugu msomaji, umewahi kuona mkate uliokaa siku nyingi? Juu yake huota unyoya mweupe au wa kijani. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kufungiwa ndani huota vivyo hivyo. Kitu hicho tunakiita kuvu. Watu wengine hukiita ukungu.

Kuvu ni kiumbe hai. Huenea kwa vumbi laini sana linalopeperushwa na upepo. Vumbi hilo likitua mahali penye unyevu na chakula, kuvu huota.

Kuvu nyingi ni adui wa mkulima. Huharibu akiba yake. Nyingine hutoa sumu. Lakini kuvu chache zimekuwa rafiki wa binadamu. Mwaka 1928, daktari Alexander Fleming alikuwa akifanya kazi London. Aliona kuvu iliyoua vijidudu katika kisahani chake. Kutokana na kuvu hiyo tulipata penisilini, dawa ambayo imeponya watu wengi sana duniani.

Katika somo hili utasoma habari za mtu mwingine aliyetafuta dawa katika kuvu. Jina lake ni Akira Endo, Mjapani. Kazi yake ilikuwa bayokemia. Hii ni elimu ya mambo yanayotendeka ndani ya miili ya viumbe hai: jinsi chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu, nyama, damu na mafuta. Endo alitafuta dawa ya kupunguza kolesteroli katika damu.

1. KOLESTEROLI NI NINI?

Kolesteroli ni kitu laini mfano wa nta. Watu wengine huiita lehemu. Usidhani kuwa kolesteroli ni kitu kibaya tu. Mwili hauwezi kuishi bila kitu hicho.

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili nao umejengwa kwa chembe ndogo ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina ngozi yake nyembamba, na kolesteroli ni sehemu ya ngozi hiyo. Pia mwili huitumia kolesteroli kutengeneza nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta tunayokula.

Kolesteroli hutoka wapi? Hutoka mahali pawili. Kwanza, hutoka katika vyakula vya wanyama, kama vile nyama, mayai na maziwa. Pili, hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini. Sehemu kubwa ya kolesteroli yetu ni hiyo inayotengenezwa na mwili.

Shida huanza kolesteroli inapozidi katika damu. Hapo huanza kujikusanya katika kuta za mishipa inayopeleka damu moyoni na kichwani. Polepole njia ya damu huwa nyembamba. Mwenye mshipa kama huo anaweza kukaa miaka mingi bila maumivu yo yote. Analima, anacheka, anakula vizuri. Kisha siku moja ukuta wa mshipa hupasuka kwa ndani. Damu huganda hapo na kuziba njia. Ikiwa ni mshipa wa moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Ikiwa ni mshipa wa ubongo, anaweza kupata kiharusi. Wengine hufa siku hiyo hiyo. Wengine hupooza upande mmoja.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa nchi nyingi walitafuta dawa ya kupunguza kolesteroli.

2. MTOTO WA MKULIMA

Akira Endo alizaliwa tarehe 14 Novemba, 1933, katika jimbo la Akita, kaskazini mwa Japani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Babu yake alikuwa mtu mwenye kupenda mambo ya tiba na elimu, na alimfundisha mjukuu wake mambo mengi nyumbani. Tangu utoto Endo alipenda kuchunguza uyoga na kuvu.

Alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Tohoku. Alipokuwa chuoni alisoma kitabu cha maisha ya Fleming, yule aliyevumbua penisilini. Habari hizo zilimwingia moyoni.

Mwaka 1957 alimaliza masomo. Akaajiriwa na kampuni ya dawa iitwayo Sankyo, mjini Tokyo. Kazi yake ya kwanza ilihusu maji ya matunda. Maji ya matunda yakikamuliwa huwa mazito na yenye chenga. Endo alitafuta kuvu inayoweza kuyasafisha. Alipima aina zaidi ya 200 za kuvu mpaka akaipata iliyofaa. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja kubwa: kuvu zina hazina nyingi ndani yake, lakini anayezitafuta hana budi kuwa na subira.

3. ALIYOYAONA NEW YORK

Mwaka 1966 Endo alikwenda Marekani. Alifanya uchunguzi katika chuo cha udaktari mjini New York kwa miaka miwili. Aliishi katika mtaa wenye wazee wengi. Alishangaa kuona watu wengi wanene. Alishangaa pia kuona chakula chao, nyama nyingi na mafuta mengi. Mara kwa mara gari la wagonjwa lilikuja mtaani kuchukua mzee aliyeshikwa na moyo. Wakati ule ugonjwa wa moyo ndio uliokuwa ukiua watu wengi kuliko magonjwa yote nchini Marekani.

Endo alirudi Japani mwaka 1968 akiwa na wazo lake. Ulisoma hapo juu kwamba kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini. Je, yawezekana kulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi kupita kiasi?

Ndani ya mwili mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Kila kimeng'enya ni kama fundi mwenye kazi yake moja. Mmoja hukata, mwingine huunga, mwingine hugeuza. Ili kolesteroli ipatikane, mafundi wengi hupokezana kazi, hatua baada ya hatua. Lakini kuna fundi mmoja karibu na mwanzo wa kazi ambaye wote humtegemea. Akifanya haraka, kolesteroli huwa nyingi. Akipunguza mwendo, kolesteroli hupungua. Endo alitaka kupata kitu cha kumzuia fundi huyo.

Akatafute wapi? Endo alifikiri hivi. Kuvu haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Hupigana na vijidudu vingine kwa kutoa sumu. Vijidudu vingine navyo huhitaji kolesteroli, au vitu vilivyo jamaa ya kolesteroli, ili viishi. Basi huenda kuna kuvu inayowaua adui zake kwa kuzuia utengenezaji wa vitu hivyo. Kama kuvu hiyo ipo, silaha yake inaweza kuwa dawa kwetu.

4. KUVU 6,000

Kazi ilianza mwaka 1971. Endo alikuwa na wasaidizi wachache tu. Mmoja wao aliitwa Masao Kuroda. Walikuza kuvu na vijidudu vingine katika chupa, aina moja baada ya nyingine. Kisha walichukua maji ya kila chupa na kuyapima. Je, maji haya yanazuia kolesteroli isitengenezwe?

Jibu lilikuwa hapana, hapana, na tena hapana. Mara moja walipata kitu kilichozuia, lakini kitu hicho kiliharibu figo za panya. Wakakiacha. Hata hivyo hawakukata tamaa, kwa sababu sasa walijua kwamba wanachokitafuta kinaweza kupatikana.

Mwaka 1972 walipima kuvu moja ya rangi ya samawati na kijani. Ilitoka katika mchele wa duka la nafaka katika mji wa Kyoto. Maji ya kuvu hiyo yalizuia kabisa. Wakafanya kazi mwaka mwingine mzima ili kukitenga kitu chenyewe kutoka katika maji yale. Mwaka 1973 wakakipata. Kitu hicho baadaye kiliitwa kompaktini. Katika kazi hii yote walikuwa wamepima aina 6,000 hivi.

Kompaktini hufanyaje kazi? Umbo lake linafanana na kitu ambacho yule fundi hukishughulikia kila siku. Basi fundi hudanganyika na kukishika. Ni kama ufunguo unaoingia katika kufuli lakini haugeuki. Kufuli limeshikwa, na mlango haufunguki.

5. PANYA WAKATAA, KUKU WAKUBALI

Kupata kitu katika chupa si kupata dawa. Ilibidi kijaribiwe kwa wanyama. Panya walipewa kompaktini. Kolesteroli yao haikushuka. Wakapewa tena kwa muda mrefu zaidi. Haikushuka. Watu wengi katika kampuni waliona kwamba kazi imekwisha. Dawa isiyofanya kazi kwa panya, itafanyaje kazi kwa mtu?

Endo alifikiri kwa njia nyingine. Kuku anayetaga ana kazi ya kutia kolesteroli nyingi katika kiini cha kila yai. Kwa hiyo lazima mwili wake hutengeneza kolesteroli nyingi. Pengine kuku ataonyesha jambo ambalo panya hakulionyesha. Mwenzake mmoja kazini alikuwa na kuku wa majaribio. Endo akamwomba msaada.

Mwaka 1976 kuku hao walichanganyiwa kompaktini katika chakula chao. Katika muda wa mwezi mmoja kolesteroli katika damu yao ilishuka karibu nusu. Nao waliendelea kula na kutaga kama kawaida. Baadaye mbwa na kima walijaribiwa, nao kolesteroli yao ilishuka sana.

Kwa nini panya walikataa? Baadaye sababu ilijulikana. Ini la panya likizuiwa, huongeza mafundi wengine kwa haraka sana, na kazi inaendelea kama zamani. Tena panya huwa na kolesteroli kidogo sana ya aina ile inayoziba mishipa. Panya hakusema uongo. Alisema habari za panya tu.

6. MGONJWA WA KWANZA

Kuna watu wanaozaliwa na kolesteroli nyingi mno. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto akiurithi kwa baba na kwa mama pia, anaweza kushikwa na moyo akiwa bado mdogo. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na dawa ya maana kwa watu hao.

Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Chuo Kikuu cha Osaka alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, msichana wa miaka 18. Alimpa kompaktini. Kolesteroli yake ilishuka. Lakini baada ya muda mfupi misuli yake ililegea. Daktari akasimamisha dawa, na msichana akapata nguvu tena. Yamamoto aligundua kwamba kipimo kilikuwa kikubwa mno. Akawapa wagonjwa wengine kipimo kidogo zaidi. Kolesteroli yao ilishuka, na hawakupata madhara makubwa.

Hapa tunajifunza kwamba dawa na sumu hutofautiana kwa kipimo. Ndiyo maana daktari hukuandikia idadi ya vidonge, wala hakuambii ule upendavyo.

Mwisho wa mwaka huo wa 1978 Endo aliiacha kampuni na kwenda kufundisha chuo kikuu mjini Tokyo. Mwaka 1980 kampuni ya Sankyo ilisimamisha kazi ya kompaktini. Sababu yake ni kwamba baadhi ya mbwa waliopewa kipimo kikubwa mno kwa muda mrefu walidhaniwa kupata saratani. Kompaktini yenyewe haikuuzwa kamwe.

7. MLANGO ULIOFUNGULIWA NA WENGINE

Lakini njia ilikwisha onekana. Kampuni ya Merck ya Marekani ilitafuta katika kuvu nyingine ikapata kitu ndugu ya kompaktini. Kiliitwa lovastatini. Endo naye, akiwa chuoni, alikipata kitu hicho hicho mwaka 1979 katika kuvu nyekundu.

Wakati huo huo wataalamu wawili wa Texas, Michael Brown na Joseph Goldstein, walieleza jambo jingine la ajabu. Juu ya chembe za ini kuna kitu mfano wa mikono. Mikono hiyo hukamata kolesteroli inayopita katika damu. Ini likizuiwa kutengeneza kolesteroli yake, huona upungufu. Basi huongeza mikono na kuichota kolesteroli kutoka katika damu. Ni kama mtu ambaye ghala lake limepungua, naye huenda sokoni kununua. Kwa njia hiyo damu husafika. Wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Mwezi Septemba, 1987, serikali ya Marekani iliruhusu lovastatini itumike. Dawa nyingine za jamii hiyo zilifuata. Zote kwa pamoja huitwa statini.

Bado lilibaki swali. Ni kweli kolesteroli inashuka, lakini je, watu wanaokoka? Jibu lilitolewa mwaka 1994 na nchi 5 za Ulaya ya Kaskazini: Sweden, Norway, Denmark, Finland na Iceland. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi moja lilipewa statini iitwayo simvastatini. Kundi la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa. Walifuatiliwa kwa miaka 5 na zaidi. Katika kundi lisilopata dawa walikufa watu 256. Katika kundi lililopata dawa walikufa 182. Yaani, katika kila watu 100, walikufa 12 katika kundi moja na 8 katika kundi jingine. Hao 4 walikuwa baba na mama za watu.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiweka simvastatini katika orodha ya dawa za lazima. Mamilioni ya watu duniani hutumia statini.

Endo hakutajirika kwa dawa hizi. Aliheshimiwa, na alipewa tuzo kubwa, zikiwemo Tuzo ya Japani mwaka 2006 na Tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka 2008. Alifariki tarehe 5 Juni, 2024, akiwa na miaka 90.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, usije ukasema, "Kumbe kuvu ni dawa!" ukala nafaka iliyoota kuvu. Hapana. Katika maelfu ya aina, Endo alipata chache tu, na hata hizo zilisafishwa kwa miaka. Kuvu za mahindi na karanga zetu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 watu walikufa pia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Basi anika nafaka juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ikauke kabisa kabla ya kuiweka ghalani. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Nafaka iliyoota kuvu usiile, usiiuze, wala usiwape mifugo.

Tena, kumbuka haya kuhusu mishipa na moyo:

Kolesteroli nyingi haiumi. Haijulikani kwa kumtazama mtu, awe mnene au mwembamba. Hujulikana kwa kupima damu tu. Kama katika ukoo wenu watu wameshikwa na moyo wakiwa bado vijana, mwambie daktari.

Statini hutolewa kwa amri ya daktari. Usimwazime jirani vidonge vyako. Usiache dawa kwa sababu unajiona mzima, maana hata ulipokuwa na kolesteroli nyingi ulijiona mzima. Ukiona misuli inauma au inalegea bila sababu, rudi kwa daktari upesi. Mama mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, amweleze daktari kabla ya kutumia dawa hizi.

Dawa haifuti mwenendo mbaya. Acha sigara na tumbaku. Punguza mafuta ya wanyama na chumvi. Kula maharage, mboga za majani na matunda. Fanya kazi za mwili au tembea kila siku. Pima shinikizo la damu kila upatapo nafasi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kolesteroli ina faida gani mwilini? Ina hatari gani?
2. Kwa nini Endo aliamua kuwajaribu kuku baada ya panya?
3. Mgonjwa wa kwanza alilegea misuli. Jambo hilo linatufundisha nini juu ya kipimo cha dawa?
4. Katika kijiji chenu, nafaka huanikwa na kuhifadhiwa namna gani? Ni jambo gani mnaloweza kulibadili kabla ya mavuno yajayo?